Mwaka Niliolitafuta Jina la Nyapara

Jumamosi iliyopita tulimzika Nduku kule Katangi, na tangu nirudi nyumbani nina hasira. Si ile hasira ya msiba inayotulia mtu akishapewa chai. Kilichonikera ni wasifu wake, uliosomwa kwa kipaza sauti na mjukuu mwenye tai nyekundu. Kuzaliwa kwake Kalama kulitajwa, ubatizo wake, ndoa iliyomleta Yatta, kinu chake cha kusaga mahindi, uongozi wake wa akina mama kanisani, hata meno yake ya bandia yalitajwa na watu wakacheka. Siku moja tu iliachwa. Siku ile, ambayo kwangu mimi ni kubwa kuliko zote alizoishi, waliiruka kama mtu anavyoruka dimbwi akiwa na viatu vya Jumapili. Nilipokuwa kwenye foleni ya chakula, Josefu, mtoto wa kaka yake, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, alinishika kiwiko akanivuta pembeni. "Mwende," akaniambia, "wewe najua utaandika tu. Lakini hiyo maneno yetu ya zamani, si uiache ilale?" Nikamjibu, "Josefu, mimi mwenyewe niko karibu kulala, na wewe bado unataka nilaze maneno?" Alicheka kwa sababu ni mtu muungwana, akaenda akaniletea soda. Nami asubuhi hii nimezima redio, nimekaa mezani, naandika.

Mwaka ninaousema nilikuwa na digrii mpya ya historia, sina kazi, na nina mdomo. Jumuiya ya historia ya mjini Machakos ilinichukua kama mtafiti, neno kubwa lililomaanisha kwamba nilifagia chumba, nikapanga majarida, nikachemsha chai ya kamati, na nikipata nafasi niliruhusiwa kwenda vijijini kuuliza watu maswali. Chumba chenyewe kilikuwa ghorofani, juu ya ghala la ngozi la Haji Nuru, mfanyabiashara Msomali aliyenunua mbuzi na ng'ombe kote Yatta. Harufu ya ngozi mbichi na chumvi ilipanda kupitia mbao za sakafu, ikaingia kwenye vitabu, ikaingia hata kwenye mkate. Meza ilikuwa moja, ndefu, viti havikufanana hata viwili, na ukutani palikuwa na ramani ya wilaya iliyoliwa na mende upande wote wa Kinanie. Mwenyekiti wetu alipenda kusema kwamba watu wa Kinanie wameliwa kabla ya kuandikwa. Nilikicheka kichekesho hicho kila wiki, maana ndiye aliyekuwa akinipa nauli. Siku hizi vijana wa chuo wananiuliza tulifanyaje utafiti bila tarakilishi, nami nawaambia shida yetu haikuwa tarakilishi, shida yetu ilikuwa Mwalimu Kilonzo.

Huyo ndiye mwenyekiti. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwembamba, mwenye kuvaa sweta mbili hata jua likiwaka, na aliuchukia umbea kuliko alivyoichukia dhambi. Ndiye aliyeweka kanuni tuliyoiita kusomea wenyewe. Makala yoyote, hata ikiwa ya profesa, haikuchapwa katika jarida letu kabla ya kupelekwa mahali ilikotoka na kusomwa kwa sauti, kwa Kikamba, mbele ya wale walioisimulia na majirani zao. Kila jambo likisomwa, wenyewe waliulizwa: ndivyo? Wakisema ndivyo, linapita. Wakisema sivyo, linafutwa pale pale kwa kalamu nyekundu. Na kama makala inamlaumu mtu, hata kama alikufa zamani, lazima atajwe kwa jina, na jina hilo litoke kinywani mwa mtu aliyeona kwa macho yake, jamaa za marehemu wakiwa wamekaa wanasikia. "Umbea hauna jina," Mwalimu alikuwa akisema. "Historia iko na jina." Wasomi wa Nairobi waliicheka kanuni hiyo. Nami niliicheka kimoyomoyo, mpaka iliponikaba koo.

Nilitaka kuandika juu ya matuta ya Kalama. Ukisimama barabarani unayaona, milima imekatwa ngazi ngazi, mtaro juu ya mtaro, ili mvua isibebe udongo. Wageni walikuwa wakiletwa na magari kuyatazama, wanapiga picha, wanaambiwa ni kazi ya serikali ya mkoloni na mabwana shamba wake. Mtu wa kwanza kuniambia vingine alikuwa Syombua, mama wa makamo ambaye sote tulimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba. Nilimkuta jikoni kwake, jiko la udongo lenye dirisha dogo kama kitabu, akichagua mawe kwenye mbaazi. "Serikali ilikuja na kamba ya kupima," akasema bila kuinua kichwa. "Jembe ilikuwa yetu." Akanisogezea ungo wa pili, nikaanza kuchagua mawe pamoja naye, na tangu siku hiyo sikuwahi kumhoji nikiwa mikono mitupu.

Alinisimulia kwamba wakati huo alikuwa bi harusi mbichi, waume wakiwa Nairobi na kwenye mashamba ya mkonge, na wanawake ndio waliobaki na mlima. Mwethya, yaani kikundi cha kulimiana kwa zamu, lilikuwa jambo la hiari tangu zamani. Wewe unanilimia leo, mimi kesho, na jioni tunapikiana. Serikali ikaligeuza kuwa amri, ikaweka nyapara mwenye filimbi na fimbo. Ikafika siku moja ya kiangazi, wanawake wa mlima ule wakateremka mtaroni, wakaweka majembe chini, wakakaa. Hawakuimba, hawakupiga kelele. "Tulikaa," alisema Mwaitu. "Tukapigwa. Tukakaa." Bwana shamba alipokuja akawakuta bado wamekaa, akaogopa kazi itasimama kabisa, akakubali wajichagulie kiongozi wao na siku zao za kazi. Matuta mengi unayoyaona leo yalichimbwa baada ya siku hiyo, na wao wenyewe, kwa mwethya wao. Nilipotoka pale nilijua nina makala ambayo hakuna aliyewahi kuiandika. Mwaitu alinisindikiza hadi mtaro wa mwisho. "Mimi sitaki kitu," akaniambia. "Nataka majina yetu tu. Hao wageni wakipiga picha, mtu awaambie huu mtaro ulichimbwa na nani. Wenzangu wanaisha. Na mimi nikifa hii haijaandikwa, nitakuwa nilikaa hapo bure."

Niliiandika kwa siku chache, nikaiweka mezani mbele ya kamati, nikaenda nyuma ya rafu kuchemsha chai. Kutoka huko nilisikia kurasa zikifunguliwa, kisha kikohozi, kisha mmoja wao, katekista mstaafu mwenye sauti kubwa, akisema, "Huyu msichana ametuletea kilio, hajatuletea historia. Tulipigwa, tulipigwa. Na nani? Na mvua ya mawe?" Wakacheka wote. Mwalimu Kilonzo peke yake hakucheka. "Mwende," akaita, "toka huko nyuma, najua unasikia." Nikatoka na birika. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemwonyesha mtoto hesabu, kwamba mlima ule ulipitia mikononi mwa manyapara kadhaa, mmoja baada ya mwingine. Familia za pale zinasema mwenye fimbo alikuwa mtu wa kutoka Kitui, ambaye alikufa bila kuacha mtoto. "Na mtu asiye na mtoto ni rahisi kupakwa matope," akasema, "kwa sababu hakuna wa kumfutia. Nikichapa hii hivi ilivyo, watu watajaza jina lake wenyewe. Mimi siwezi. Niletee jina kutoka kwa aliyeona, tukaisome Kalama. Usipoleta, hiyo sehemu ya kupigwa na kukaa inatoka yote." Nikamwambia ikitoka hiyo, kinachobaki ni kamba ya kupima. "Basi itabaki kamba," akasema. Niliweka birika mezani kwa kishindo mpaka chai ikaruka juu ya karatasi za watu. "Nitakuletea," nikasema.

Maneno ni rahisi. Nilirudi Kalama nikaenda nyumba kwa nyumba kwa wale wanawake waliokuwa hai bado, na kila niliyemuuliza nani aliwapiga aliniambia habari ya hewa. Mmoja alikumbuka ghafla kwamba kuku wake hawajafungiwa, ilhali ilikuwa saa nne asubuhi. Mwingine, Kavata, mcheshi kweli kweli, aliyeniigiza jinsi bwana shamba alivyoteleza mtaroni, alipofika kwenye fimbo alitazama sakafu, akasema, "Alikuwa mtu mkubwa," basi. Nilidhani wanaogopa. Nikawahakikishia kwamba mkoloni ameenda zake, kwamba nyapara mwenyewe amekufa. Walinitazama kwa huruma, wakaniongeza chai. Nilirudi tena na tena, na majani ya chai na sukari kwenye kikapu, na kila mara nilirudi mjini na kilo za viazi na hakuna jina. Kwenye ghala Haji Nuru alinitania, "We binti, hiyo historia yako ina nyama kweli? Naona unakimbiza mbuzi asiye na miguu." Nilimwambia mbuzi wangu ana miguu minne na nitamshika mkia.

Siku niliyofunguka macho tulikuwa tunakula muthokoi, mahindi yaliyotwangwa na kupikwa na maharagwe, jikoni kwa Mwaitu. Josefu, mwanawe wa kwanza, wakati huo bado kijana lakini mzee wa kanisa tayari, alipita uani akielekea shambani. Mzee jirani akamwita kutoka kwenye ua kwa jina lake la Kikamba, jina ambalo nitaliandika litakapofika mahali pake. Wakasalimiana, wakacheka. Kisha Mwaitu akampigia kelele kutoka jikoni, "Josefu! Josefu, panga iko huku!" Nikagundua kwamba wanaume wote wa mlimani walimwita kwa lile jina jingine, lakini mama yake hakuwahi. Nikamuuliza bila kufikiri, mdomo umejaa, "Mwaitu, mbona wewe humwiti kwa jina la Kikamba kama wengine?" Alishika leso yake akajiziba mdomo, kama kwamba mimi ndiye niliyetukana. "Wui, mwana wakwa!" akasema, yaani jamani, mwanangu. "Kwani wewe ni Mzungu? Hilo ni jina la mwenyewe."

Kijiko kilinishinda. Mimi Mkamba mzima, niliyefundishwa nthoni kabla ya a-e-i-o-u, nilikuwa nimeivua mlangoni pamoja na viatu. Nthoni ni ile heshima ya ukwe. Mke hatamki jina la baba mkwe wake, wala hamkaribii, wala hali mbele yake. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mwingine apite. Na mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba ya baba yake. Mwaitu hakuweza kumwita mwanawe kwa jina lake kwa sababu lilikuwa jina la baba mkwe. Mtu wa Kitui wangemtaja bila shida; aliyewaziba midomo ni baba mkwe wake, ndiye aliyekuwa na filimbi. Kavata naye aliolewa na mtoto wa ndugu wa mzee huyo. Wote walioolewa mlima ule waliolewa katika nyumba hiyo moja, na kwa kila mmoja wao mtu yule alikuwa baba mkwe. Mtu aliyetakiwa kuingia majanini ili wapite ndiye aliyesimama juu yao mtaroni akainua fimbo. Kumtaja hakukuwa kuvunja mwiko tu, kulikuwa ni kutangaza aibu ambayo haina hata mahali pa kushikiwa. Na mimi nilikuwa nikizunguka na kikapu cha sukari nikiwaomba wavue nguo mbele ya watu. Nilisikia vibaya, sitaficha, nikaisukuma sahani kando.

"Kwa hiyo haiwezekani, Mwaitu," nikasema. Alinipakulia tena bila kuniuliza. "Sisi hatuwezi," akasema. "Mke hawezi. Lakini kwani nyumba iko na wake peke yake? Haizai wasichana?" Kisha akaanza kuniuliza habari za mjini, kama bei ya mafuta ya taa, na hakurudi kwenye neno hilo tena. Njiani niliwauliza majirani habari za mabinti wa nyumba ile, na nilipofika ghorofani jioni hiyo nilimweleza Mwalimu Kilonzo kwamba nyapara ana binti, wa mwisho kuzaliwa, aliyeolewa Katangi. Mwalimu alivua miwani. "Binti asimame mbele ya watu amshtaki baba yake?" akasema. "Utangoja sana, Mwende." Nikamwambia nitangoja.

Kwenda Katangi nilidandia lori la Haji Nuru siku za mnada wa mifugo. Nduku nilimkuta kwenye kinu chake, mama mnene mwenye sauti kama kengele, unga umemjaa mpaka kwenye kope. Injini ilikuwa ikinguruma, ikabidi nipige kelele. "Nani amekutuma?" akanipigia kelele naye. "Historia!" nikasema. "Historia haina mdomo, niambie mtu!" Nikapaza sauti, "Syombua!" Akazima injini. Soko zima likaonekana kunyamaza. Alinipeleka nyuma, kwenye chumba cha magunia, akanipa ugali na mboga za kunde, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyo ni babangu. Gauni langu la kwanza alininunulia yeye. Umeona mtu akila mkono wake?" Nikataka kujibu. Akasimama, akaenda akawasha injini, na hapo mazungumzo yakawa yamekwisha kwa siku hiyo. Juzi kwenye mazishi nilikwenda kukitazama kinu hicho. Kimeota kutu na kuku wanataga ndani yake, na nilisimama hapo muda mrefu kuliko nilivyosimama kaburini.

Nilirudi mnada uliofuata, na uliofuata tena. Sikumuuliza kitu. Nilishika midomo ya magunia, nikafagia unga, nikawatuliza wateja waliogombania foleni. Haji alichoka kuniuliza, akaanza kuniwekea nafasi mbele kwenye lori bila maneno. Nduku naye alijifanya hanioni, lakini kila saa sita sahani yangu ilikuwepo. Mpaka siku moja, foleni imefika barabarani, alizima injini katikati ya gunia la mtu. Wateja wakaanza kunung'unika. "Nyinyi ngojeni!" akawaambia. "Mahindi haiozi!" Akanivuta chumbani akakaa juu ya magunia. Alikuwa msichana mdogo wakati ule, akasema, kazi yake ilikuwa kumpelekea baba yake chakula na kumshikia filimbi akila. Syombua alikuwa mke mpya wa kaka yake, na ndiye aliyemlea. Alilala kwa Syombua, alikula kwa Syombua, alibebwa mgongoni na Syombua hata alipokuwa mkubwa wa kuchekwa. Siku ile alisimama kando ya mtaro na sahani mkononi. "Nilimwona," akasema. "Wote walikuwa wamekaa. Akaanza na Syombua, kwa sababu ni mke wa mwanawe, ili wengine waone." Nikamuuliza alimpiga wapi. "Mgongoni," akasema. "Hapo hapo alikuwa ananibeba." Akalia, mimi nikalia, na nje mtu akapiga bati akiuliza kama tumekufa.

Tulipomaliza kulia alifuta uso kwa gunia, akabaki mweupe zaidi. "Na huyo wa Kitui," akasema, "alikuwa anatugawia miwa. Hajawahi kuinua mkono. Wakati wanasema ni yeye, mimi hunyamaza, na hunyamaza vibaya." Nikamwomba aje Kalama siku ya kusoma. Hapo akawa mkali. "Babangu alikuwa mzuri kwangu. Hiyo ndiyo shida, unaelewa? Ningekuwa namchukia ningekuja jana." Nikamwambia ninaelewa. "Huelewi," akasema, "lakini sawa. Nitakuja nisikie. Kusema, sijui." Sikumsukuma tena. Kuna wakati ukaidi wa mtu unafika mwisho wake, na kilichobaki ni cha mwenzake.

Tulisomea katika darasa la shule ya msingi, shule zikiwa zimefungwa, asubuhi yenye baridi na ukungu. Wazee walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwafikia kidevuni. Wanawake wa mtaro, Mwaitu, Kavata, Mbula na wenzao, walikaa upande wa dirisha, wamejifunga leso zao nzuri. Josefu alikaa mbele na Biblia yake, na nyuma yake jamaa wote wa ile nyumba. Mwalimu Kilonzo alisimama mbele ya ubao na sweta zake mbili, akasoma mwenyewe. Nilitazama mlango mara nyingi mpaka shingo ikaniuma. Nduku hakuwepo.

Alisoma habari za kamba ya kupima. "Ndivyo?" Wakajibu ndivyo. Alisoma habari za waume kuwa mbali, za jua, za majembe yaliyovunjika mpini. Ndivyo, ndivyo. Alisoma kwamba siku moja waliweka majembe chini wakakaa, na hapo wanawake walijibu kwa sauti moja hata vioo vikalia, "Ndivyo!" Kisha akasoma kwamba walipigwa. Akainua macho. "Na nani?" Josefu akasimama, kwa adabu, akasema kwamba kila mtu anajua ni yule mtu wa Kitui, Mungu amsamehe. "Uliona?" akauliza Mwalimu. "Nilisimuliwa." "Na nani?" "Na wazee." Mwalimu akawageukia wanawake. Walitazama sakafu. Nilimwona Mwaitu amefumba macho, mikono yake imeshikana mapajani, na nilitaka kusimama nilitamke mimi, nilitamke nifukuzwe, lakini mimi sikuona kwa macho, na kanuni ni kanuni. Mwalimu alitoa kalamu nyekundu mfukoni. Alinitazama kwanza, na uso wake haukuwa na furaha. Kisha akainamia karatasi.

"Ngoja, Mwalimu." Alikuwa mlangoni, amevaa sare ya kanisa, viatu vimejaa matope mekundu, anahema. Hakuingia wala hakukaa. "Mimi ni Nduku," akasema. "Nilizaliwa hapa juu. Nilikuwa nimeshika sahani yake na filimbi yake, na niliona. Aliyewapiga ni Muthiani wa Kyalo. Ni babangu mzazi, na nilimpenda, na ndiye." Josefu akamgeukia, uso umemshuka. "Shangazi," akasema, "unajua unasema nini?" "Najua. Huyo wa Kitui hakupiga mtu, na nyinyi mmempaka miaka yote kwa sababu hana mtoto wa kusimama hapa. Na wewe Muthiani mdogo, uliyepewa jina lake, hata wewe ulikuwako. Mama yako alikuwa na mimba yako. Fimbo ya kwanza ilimpata yeye."

Josefu alimtazama mama yake. "Mwaitu?" akasema. Mwaitu alifungua macho akamtazama mwanawe moja kwa moja, wala hakutikisa kichwa. Josefu alikaa chini polepole kwenye kile kidawati, akaweka Biblia magotini, akaifunika kwa mikono miwili. Hakuna aliyemcheka wala aliyemfariji. Mwalimu Kilonzo akawauliza wanawake, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, kama wana neno.

Kujibu ndivyo kungekuwa kumtaja. Kisha Mwaitu akasimama, akaipa mgongo ile safu ya wazee, akanigeukia mimi niliyekuwa na karatasi. "Andika Syombua," akasema. "Nilikaa." Kavata akasimama kando yake. "Andika Kavata. Nilikaa." "Andika Mbula. Nilikaa." Mmoja baada ya mwingine walisimama upande wa dirisha, na aliyekuwa na mwenzake marehemu alimtaja naye, fulani alikaa, fulani alikaa, na Nduku bado yuko mlangoni anawatazama, machozi yanamtiririka. Mwalimu Kilonzo alirudisha kalamu nyekundu mfukoni. "Mwende," akasema, "mbona umesimamisha mkono? Andika."